Mgombea Asiyetamka Kura

Rebeka alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye ndoa, na katika miaka yote hiyo neno "kura" halikuwahi kutoka kinywani mwake. Si kwamba hakulijua. Baba mkwe wake, mzee aliyefariki zamani na kuzikwa nyuma ya zizi, aliitwa Gidakura, na kwa Wataturu mke wa mtu hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo. "Gida" wanaibeba wanaume wengi, hiyo haina kesi. Uzito wote uko mwishoni. Kwa hiyo bibi harusi akiingia kwenye boma hufundishwa na wanawake wenzake maneno ya kukwepea, siku zile zile anapoonyeshwa ng'ombe yupi anapiga mateke. Kurasa za kitabu Rebeka aliziita majani. Kanisani, maana yeye ni Mlutheri na ndiye msomaji wa somo la kwanza, Ijumaa Kuu ilipofika ile zaburi ya watu wanaogawana nguo na kulipigia vazi kura, alisoma kwamba walilibahatisha, na mchungaji akaendelea na ibada kama kawaida.

Mwanamke huyo ndiye aliyechukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Cheka, hakuna atakayekukataza. Yeye mwenyewe alicheka. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kitongoji chenyewe kinaitwa Gidakura. Wataturu hawakukipa jina hilo. Wakati wa operesheni ya vijiji, watu wa serikali walipokuja na lori kuhesabu kaya huko mbele ya Mtinko, walimkuta mzee mmoja ameketi kando ya kisima alichokichimba kwa mikono yake. Wakamuuliza anaitwa nani, akawajibu, wakaandika. Basi serikali ndiyo iliyoliweka jina la mkwe kwenye ramani, kwenye muhuri na kwenye kibao cha bati. Wake wa boma lile wakasema sawa, na mpaka leo wao hupaita Kisimani.

Kilichomfanya achukue fomu ni mbuga. Chini ya Kisimani kuna mbuga ya udongo mweusi, pembeni yake ardhi ya chumvi, na ng'ombe wa Wataturu hukaa hapo tangu Agosti mpaka mvua za kwanza. Antipasi, Mnyaturu, mwenyekiti aliyekuwapo, alitaka ikatwe viwanja vya mashamba ya alizeti, na alikwisha kuwatembeza humo wageni wenye magari. Mwenyekiti wa kitongoji huketi kwenye halmashauri ya kijiji, na huko ndiko pendekezo lingepita au kukwama. Kiti kikikaliwa na Rebeka, mbuga inabaki. Kikikaliwa na Antipasi, trekta linaingia kabla ya Krismasi, na kiangazi kijacho Wataturu ama wanazika ng'ombe ama wanahama. Mtaturu akihama tu, watu wanapata ushahidi kwamba alikuwa mhamiaji. Akufukuzaye hakuambii toka.

Siku za kawaida watu wa pale hawana ugomvi. Wanyaturu, ambao ni wakulima, wakishavuna uwele huwaachia Wataturu mabua kwa ajili ya ng'ombe, na Wataturu huacha samadi shambani na maziwa mgando mlangoni. Wamezikana, wameoleana, wamedanganyana mnadani kama majirani wowote. Lakini mwaka ule alikuja mtu mzito wa chama kikubwa, akasimama juu ya gari lenye vipaza sauti, akaeleza habari za wahamiaji wanaokuja na mifugo yao kula nchi ya wenyeji. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja. Watu walipiga makofi, na neno "Mang'ati", tusi la kuwaita Wataturu, ambalo zamani lilitoka mlevi akishakosana na mwenzake, sasa lilianza kusemwa na watu wasio na tone la pombe, saa nne asubuhi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Halafu yakashuka maagizo, hakuna aliyejua yametoka kiti gani, kwamba kata yote wagombea wa chama kikubwa, Antipasi akiwamo, wapite bila kupingwa.

Rebeka alisimama kwa chama kidogo. Katibu wa chama hicho alikuwa Saada, muuza vitenge wa mnada wa Mtinko, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mkubwa. Babu yake Saada alishuka kwenye treni Manyoni akitokea pwani, akapanda mpaka Singida na mzigo wa kaniki. Saada amezaliwa Singida, baba yake amezaliwa Singida, na bado kila uchaguzi kuna mtu humuuliza kwao hasa ni wapi.

Siku ya pingamizi ofisi ya kata ilijaa. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi alikuwa Enock, kijana wa miaka kama thelathini, mgeni kutoka mkoa mwingine, mwenye miezi mitatu tu pale. Antipasi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, kofia magotini. Nyuma walisimama watu wa vyama vyote viwili, na mlangoni mgambo.

"Shikamoo, mama," Enock alisema, maana adabu alikuwa nayo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ndugu Antipasi ameleta pingamizi. Anasema wewe hujui kusoma Kiswahili, na kanuni inataka mgombea ajue. Tusipoteze muda. Usome hapa, yaishe."

Akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Iliandikwa: *Mimi mkazi wa Kitongoji cha Gidakura nitapiga kura kwa amani, nitailinda kura yangu, na nitayakubali matokeo ya kura.*

Rebeka aliisoma yote kimoyomoyo kwa mpigo mmoja. Kisha akamtazama Antipasi. Antipasi alikuwa anatazama kalenda ukutani, ya mwaka juzi. Hapo ndipo alipoelewa. Karatasi ile ilikuwa mtego, na aliyeutega alijua vizuri mnyama hupita wapi.

Akasoma kwa sauti ya kanisani, bila kukwama: "Mimi mkazi wa Kitongoji cha Kisimani nitachagua kwa amani, nitailinda karatasi yangu, na nitayakubali matokeo ya uchaguzi."

Enock aliinama akafuatisha kwa kidole. "Mama, hiyo Kisimani umeitoa wapi? Hapa haipo. Na hili neno hapa, na hapa, hujalisoma."

"Nimeliona. Silitamki."

"Kwa nini?"

"Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mke halitaji jina hilo, wala linalofanana nalo. Uliza mtu yeyote hapa."

Minong'ono ilipita chumbani. Enock alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye bosi. Akamgeukia Antipasi. "Mzee, wewe ndiye mwenyeji. Hii mila ipo?"

Antipasi hakujibu haraka, na sharti niseme kwa nini. Mume wa Rebeka, Mathayo, na Antipasi walichunga pamoja tangu hawajaota ndevu. Wiki ile Rebeka alipoletwa boma akiwa bibi harusi, Antipasi alikuwa anamvizia njia ya kisimani, anamsalimia kwa heshima zote, halafu anamuuliza, "Samahani shemeji, hivi mzee wa boma lenu anaitwa nani vile?" Rebeka anainamisha uso kwa aibu, na Antipasi anacheka mpaka anakaa chini. Alifanya hivyo siku tano mfululizo. Siku ya sita Rebeka alimmwagia maji ya kibuyu, na tangu hapo wakawa marafiki.

"Sijawahi kuisikia," Antipasi alisema.

Hasira ilimpanda Rebeka mpaka masikio yakaziba. Hakumkasirikia kwa kutaka kiti. Kiti kila mtu anakitaka. Alimkasirikia kwa kuchukua kitu alichokijua kwa sababu ya kula nao, kucheka nao na kulala kwao siku za mvua, akakipeleka ofisini kikatumike kumfungia mlango. Mtu wa mbali asingeweza kumfanyia hivyo, maana asingejua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na Rebeka siku ile alikihisi kinamtambaa.

"Nipe kalamu," alimwambia Enock.

Akaigeuza karatasi upande mweupe, akaandika bila kuigeuza tena. Mwandiko wake ulikuwa wa zamani, wa shule ya msingi, herufi zimesimama wima. Aliandika sentensi yote kama ilivyo: Gidakura, na kura, na kura, na kura, koma mahali pake, nukta mahali pake. Wanawake wa Kitaturu waliokuwa dirishani walishusha pumzi, kisha wakatazamana. Mkono kuandika haukuwahi kukatazwa. Wakati mila inawekwa hapakuwa na kalamu.

Enock alilinganisha pande mbili za karatasi. Akalinganisha tena. Mtu angeweza kuona kwamba angependa kusema yameisha. Simu yake ikaita. Alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, wote wakimwona kupitia dirisha akisema "ndiyo mheshimiwa" mara nne. Aliporudi hakumtazama Rebeka usoni.

"Kuandika umeandika," alisema. "Lakini kusoma ni kusoma. Pingamizi limekubaliwa."

Akajaza fomu, akagonga muhuri, akamkabidhi. Rebeka aliipokea, akasogea katikati ya chumba ili hata walio dirishani wasikie, akasoma: "Unaarifiwa kwamba pingamizi lililowekwa dhidi yako limekubaliwa, na jina lako limeondolewa kwenye orodha ya wagombea. Sababu: mgombea hajui kusoma. Unayo haki ya kukata rufani ndani ya siku mbili tangu kupokea taarifa hii." Akashusha kidole mpaka mwisho wa fomu. "Hapa chini pana sahihi yako na muhuri. Muhuri umegongwa kichwa chini miguu juu. Nimeisoma vizuri, mwanangu?"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Hata watu wa chama kikubwa walicheka, na mgambo mlangoni alijifanya anakohoa. Enock alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Rebeka hakucheka. Alikuwa ameshinda kicheko na kupoteza mbuga, na alijua tofauti yake.

Nje Saada alimshika mkono kwa nguvu. "Mama Janeth, rudi ndani. Rudi sasa hivi kabla hajafunga. Sema neno moja tu, liishe. Mungu ataelewa, na mzee mwenyewe huko aliko ataelewa."

"Wataelewa."

"Basi?"

"Mimi ndiye sitaelewa. Leo nitamke jina la mkwe ndipo nionekane mkazi. Kesho watataka nini, Saada? Wakitaka nisiongee Kitaturu mbele yao, nikubali? Wakitaka nivue hizi bangili?"

Saada aliuachia mkono wake. Wakatembea mpaka kwenye kivuli cha ghala la ushirika. "Baba yangu aliacha kuvaa kanzu mnadani," Saada alisema baadaye, kwa sauti ambayo Rebeka hakuwahi kuisikia kwake. "Aliambiwa inamtambulisha kama mtu wa kuja. Akavaa suruali na shati mpaka anakufa. Na mpaka anakufa waliendelea kumwita mtu wa kuja."

Waliandika rufani siku hiyo hiyo, Saada akitunga, Rebeka akiandika.

Jioni Rebeka alimpelekea mama mkwe wake uji. Bibi huyo, mjane wa mzee mwenyewe, alikuwa haoni tena vizuri lakini habari za ofisini zilimfikia kabla Rebeka hajafika nyumbani. Aliunywa uji wote, akafuta mdomo, akasema kwa Kitaturu: "Mwanangu, ukitaka kulisema, liseme. Mwenyewe alishakwenda. Mbuga aliipenda kuliko jina lake. Mimi nimekuruhusu, na wenzako nitawaambia."

Rebeka hakutegemea hilo. Alitegemea kukatazwa, na moyoni alikuwa amejificha nyuma ya katazo hilo. Sasa halikuwapo. Aliketi kando ya bibi, mikono mapajani, akatafuta ndani yake kama anataka kulisema. Akaona hataki. Hakuogopa laana wala aibu. Hakutaka kwa sababu lilikuwa lake: miaka ishirini na sita ya kuchagua maneno kwa heshima ya mtu, na hakuona kwa nini amkabidhi Antipasi heshima hiyo ili aitumie kufutia kiti.

"Silisemi, mama," alisema.

"Haya," bibi akajibu. "Basi tafuta lingine la kusema."

Rufani ilirudi siku ya tatu na mistari miwili: imepokelewa, imekataliwa. Kitongojini Antipasi alichinja mbuzi. Vijana wake walizunguka na pikipiki wakipiga honi kwamba mwenyekiti amepita bila kupingwa, na mmoja alisimama mbele ya boma la Mathayo akauliza kwa sauti Mang'ati watafunga mizigo lini. Mathayo alinyanyua fimbo. Rebeka alimzuia. Wakati huo alikuwa na kijitabu cha kanuni za uchaguzi ambacho Saada alikitoa kopi mjini, na alikuwa amekisoma tangu alfajiri, jani kwa jani, na yeye huyo ndiye asiyejua kusoma.

Alikipata kifungu karibu na mwisho. Mgombea akibaki peke yake, kilisema, wapiga kura watapewa karatasi ya kuchagua *Ndiyo* au *Hapana*, na mgombea atakuwa ameshinda akipata Ndiyo zaidi ya nusu.

Alikisoma mara tatu. Kisha akaanza kucheka peke yake jikoni, hata Janeth, binti yake, akaja kuchungulia.

"Mama, una nini?"

"Soma hapa."

Janeth akasoma. "Kwa hiyo hajapita bado."

"Hajapita. Na hilo neno la pili hapo, litamke."

"Hapana."

"Mimi pia naweza. Hapana. Hapana! Nenda ukamuulize bibi kama kuna mwanamke yeyote hapa Kisimani ambaye baba mkwe wake anaitwa Hapana."

Kampeni waliruhusiwa wagombea tu, na mgombea alikuwa mmoja. Rebeka hakuitisha mkutano hata mmoja. Alichota maji, maana maji ni lazima yachotwe. Alikwenda mashine, alikwenda mbugani kwenye chumvi, alikwenda msibani kwa Wanyaturu wa ng'ambo ya korongo akasaidia kupika ugali wa watu mia. Kila alipokaa aliwaambia watu mambo mawili: trekta linakuja kwenye mbuga, na karatasi ina upande wa pili. Mgambo alimfuata kisimani siku moja.

"Mama, umeitisha mkutano bila kibali."

"Mkutano upi?"

"Huu hapa. Wanawake kumi na tano."

"Baba, na wewe lete ndoo, uwe wa kumi na sita."

Mgambo aliondoka, na nadhani hakuandika taarifa yoyote, maana mke wake alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Asiyetegemewa alikuwa Cecilia, mama mzazi wa Antipasi. Alikuwa Mkatoliki wa kila misa, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, na alikuja kisimani siku nne kabla ya uchaguzi akiwa ameshika fimbo na hana ndoo. Wanawake wote walimwamkia, akaitikia mmoja mmoja. Kisha akamkabili Rebeka.

"Nimesikia mwanangu alisema hajui mila yenu."

"Alisema hivyo, mama."

"Amekua kwa maziwa ya boma lenu. Mwaka wa njaa, mkwe wako ndiye aliyempa." Alipumua. "Nasi Wanyaturu tuna ukwe. Mimi marehemu mume wangu alikuwa akimwona mama yangu njiani, anaingia porini mpaka apite. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumtega mke wa mtu kwa jina la mkwe wake, hata mkigombania nini. Nimemwambia, akanijibu kwamba hiyo ni siasa. Nikamuuliza, siasa ndiyo nani, imezaliwa kwa nani, mpaka iwe na adabu tofauti na yetu?"

Cecilia hakusema atachagua nini wala hakuulizwa. Lakini jioni ile ile habari ilikuwa imefika kila nyumba ya Kinyaturu kwamba mtoto wa Cecilia amefanya jambo ambalo halifanywi. Wengine walisema ni mambo ya wanawake tu. Wengine walinyamaza, na Antipasi, ambaye alipaswa kujua kuwa mtu akinyamaza pale kwetu si lazima awe amekubali, alikuwa na shughuli nyingi za kuwapangia wageni viwanja.

Siku ya uchaguzi ilianza na manyunyu. Kituo kilikuwa shule ya msingi, darasa la tatu. Wataturu walifika mapema, wanaume na mashuka yao, wanawake na ngozi za sherehe ambazo huvaliwa kwenye harusi, kwa sababu Rebeka aliwaambia waje wakiwa wao. Kulikuwa na kijana wa chama kikubwa mlangoni aliyejaribu kusema hawa si wakazi. Mwalimu aliyeshika daftari la wakazi alifunua, akakuta majina, akasema wapite. Mama mkwe aliletwa kwa mkokoteni wa punda. Alisaidiwa na Janeth kuona palipoandikwa Hapana, akaweka alama kubwa iliyovuka mpaka wa kisanduku, na Janeth akaogopa itaharibika.

Wanyaturu walikuja baada ya saa nne, manyunyu yalipokatika na wengi kurudi kutoka shambani. Hawakumtazama Rebeka, na yeye hakuwatafuta macho. Alisimama umbali uliotakiwa, chini ya ukingo wa bati, miguu ikimuuma, akijiambia kwamba ikishindikana atakuwa amejaribu, na kwamba hilo halimtoshi hata kidogo. Alitaka mbuga. Aliitaka waziwazi kama mtu anavyotaka maji, na hakuwa tayari kujifariji na jaribio.

Kuhesabu kulifanyika mbele ya wote. Enock alifungua sanduku, akainua karatasi ya kwanza juu, akaitamka Ndiyo, akaiweka kushoto. Ya pili Hapana, kulia. Ya tatu kulia. Antipasi alikuwa amevaa suti, na wageni wake wawili walikuwa garini na injini inanguruma. Karatasi ya ishirini injini ilikuwa bado inanguruma. Karatasi ya themanini ilizimwa. Wanawake walikuwa wameanza kuitikia. Enock akisema "Hapana", nao wanasema "Hapana", taratibu kama kanisani kwenye sala, na alipowaomba wanyamaze walinyamaza karatasi mbili, kisha wakaendelea.

Ndiyo, sabini na nne. Hapana, mia moja thelathini na moja. Zilizoharibika, nne, na ile ya bibi haikuwa miongoni mwake.

Watu walitazamana kwanza, kana kwamba wanasubiri mtu awaambie kama inaruhusiwa. Kisha vikapasuka vigelegele, na ng'ambo, upande walikosimama Wanyaturu, vikajibiwa. Antipasi alivaa kofia, akaivua, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu. Alipomfikia Rebeka alisimama, na pengine alikuwa na neno. Rebeka alingoja alisikie. Antipasi hakulipata, akaenda zake, na gari la wageni lilikuwa limeshaondoka bila yeye.

Enock alikuwa wa mwisho kutoka darasani, sanduku kwapani, simu inaita mfukoni na yeye haipokei. Alisimama mbele ya Rebeka na wanawake wenzake, waliokuwa wamejaa uwanjani na ngozi zao zilizoloa.

"Mama, mgombea hakupata nusu. Uchaguzi wa kitongoji hiki utarudiwa," alisema. "Fomu zitatolewa upya. Lakini nisije nikakudanganya. Masharti ni yale yale."

"Na sisi," Rebeka akamwambia, "ni wale wale."